Sura ya Saba: Imeongezeka

"Hivi, Rachida, hiyo pesa yako inakua yenyewe, au ni wewe unayeilisha?"

Swali hilo Bi Ancha alimuuliza jirani yake msimu wa korosho uliopita, amesimama kwenye ua wa makuti na ndoo ya maji kichwani. Bi Rachida akacheka, akamjibu kwamba mwenye wivu hajengi. Kisha akakaza kapulana yake kiunoni, akaenda zake dukani kwa Jamaldine na pesa za korosho zimefungwa kwenye kitambaa. Swali likabaki pale pale uani. Lakini maneno ya Bi Ancha hayapotei hivi hivi. Akikopesha neno, siku moja hulidai. Na leo asubuhi alilidai mbele ya Inspetora Belmira wa polisi.

"Nilimuuliza kwa mzaha tu, mwanangu," alisema. "Naye akaniona nina kijicho."

"Ulikuwa nacho?"

"Kidogo," alisema Bi Ancha. "Lakini swali lilikuwa zuri."

Belmira akamwambia asante, akaondoka na swali lile kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

Huyu Belmira alikuwa mtu wa bara, wa upande wa Mueda, Mkristo wa watu, na alipoletwa Mocímboa da Praia wengi walisema: huyu wa milimani atajua nini mambo ya pwani? Wakaja kunyamaza. Mwenyezi Mungu humpa amtakaye, na mwanamke huyu alimpa masikio. Hakuwa akipiga meza wala kutisha watu. Alikuwa akikaa, akisikiliza, na neno likipita mahali pasipo pake, alilishika mkia.

Kesi yenyewe watu wote wa mtaani walikuwa wanaijua. Bi Rachida alipomaliza eda aliuza mashua na mashine ya marehemu mumewe, akapata elfu themanini za metikali. Hakuzila. Akazigawa mafungu mawili sawasawa. Elfu arobaini akampa Jamaldine, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa safu ya mbele msikitini. Elfu arobaini nyingine akampa Assane, mume wa binti yake Zuleica, anayenunua ufuta na korosho kule Diaca. Sharti lilikuwa moja kwa wote wawili, lile wanalolijua wazee: mali yangu, jasho lako, faida nusu kwa nusu.

Ikapita miaka mitatu. Mwaka huu Jamaldine alimwonyesha elfu sabini na sita. Assane alimwonyesha elfu arobaini na tisa.

"Mbegu moja, mvua moja," Jamaldine alimwambia kwa huruma, "mbona mavuno hayafanani? Mama, sipendi kuingia kati ya watu na mkwe wao. Lakini unaliwa."

Bi Rachida hakulala. Kulipokucha akaenda esquadra, kituo cha polisi, kushitaki. Assane akakamatwa, akawekwa ndani, na kesho msafara wa magari ulikuwa unaondoka kwenda Pemba. Komandante alikwishaamua: kama hakuna jipya hadi jioni, Assane anakwenda nao. Na anayepelekwa Pemba hajui atarudi mwezi gani. Zuleica, mkewe, alikuwa na mimba pevu, siku yoyote angejifungua. Alikuwa akipeleka sahani ya chakula esquadra huku amejishika kiuno. Mama yake hakuwa amepeleka hata kikombe cha chai.

Jana Belmira alimhoji Assane, kijana mrefu, mpole, nguo zina vumbi la ufuta.

"Elfu arobaini zimekuwa arobaini na tisa," alimwambia. "Za mwenzio zimekuwa sabini na sita. Nyingine ziko wapi?"

"Hakuna nyingine, inspetora. Tulipata kumi na nane kwa miaka yote mitatu. Tisa zangu, tisa zake. Zake nimeziacha humo humo zifanye kazi."

"Na mabati? Nyumba yako Diaca ina mabati mapya."

"Ni hizo tisa zangu. Sijamaliza hata kuezeka. Jikoni bado makuti."

"Kwa nini mwenzio amekuzidi hivyo?"

Assane aliangalia sakafu. "Mimi mama hajaniongezea kitu."

"Nani kasema habari ya kuongeza?"

Kijana akakung'uta vumbi la ufuta gotini. Belmira akasubiri.

"Yule ni mkwe wangu," alisema mwishowe. "Siwezi kumsema. Muulize mwenyewe."

Basi Belmira hakubaki kuandika. Jana hiyo hiyo alikwenda Diaca kwa gari la kwanza alilolipata, akamtafuta muuza mabati, akayahesabu yaliyo juu ya nyumba, akaingia na jikoni. Kweli, jikoni makuti. Muuza mabati alisema Assane alinunua kidogo kidogo, kila baada ya msimu, na bei yote ilikaa ndani ya zile tisa. Njia ya mabati ikafika ukutani. Watu wengine wangekasirika kwa safari ya bure. Belmira alishukuru: mlango uliofungwa ni mlango mmoja pungufu wa kugonga.

Leo, alipotoka kwa Bi Ancha, akapitia sokoni, kwenye meza za samaki wakavu. Akanunua kidogo, akakaa juu ya kreti karibu na mama mmoja anayeuza samaki wa Jamaldine kwa kugawana faida.

"Bosi wako ni mtu mgumu?" aliuliza.

"Jamaldine? Ah, si mgumu. Ila ana hesabu yule, usiombe."

"Hesabu gani?"

"Akikuongezea mzigo katikati ya mwezi, anakwambia hapo hapo: huu ni mtaji wangu, uweke kando, usije ukausema ni faida. Mwaka jana mimi nilijisahau, nikauchanganya." Akacheka, akapiga inzi kwa upepeo. "Alinifundisha mbele za watu! Ati, 'Mama, kilichoingia kwa mlango hakikuzaliwa ndani.' Sokoni wote wakaniita Mama Mlango mpaka Ramadhani."

Belmira naye alicheka. Lakini aliposimama, hakuchukua chenji yake. Mama yule alimwita mara mbili.

Kutoka pale akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Rachida.

Alimkuta uani, mbuzi wamemzunguka, anawatupia maganda ya mihogo. Bi Rachida alikuwa mwanamke aliyenyooka kama mchi, mtandio haujapinda, tasbihi mkononi. Kila kitu pale uani kilikuwa mahali pake: mitungi imefunikwa, kuni zimepangwa, mchanga umefagiwa ukabaki na mistari ya ufagio.

"Hodi, mama."

"Karibu. Umekuja kuniambia mkwe wangu anakwenda Pemba?"

"Nimekuja kuuliza. Mbuzi wako wazuri. Mbona wengine wamechanjwa sikio la kushoto, wengine la kulia?"

Bi Rachida alimtazama kama anayejiuliza kama polisi wote wana muda wa kupoteza. Hata hivyo, mtu akisifiwa mbuzi hujibu.

"La kushoto wamezaliwa hapa. La kulia wameletwa. Yule mweusi nilimnunua Quiterajo. Wale wawili ni zawadi ya kaka yangu wa Mbau."

"Kwa nini uwatenge?"

"Kwa ajili ya mchungaji. Kila watatu wanaozaliwa mikononi mwake, mmoja ni wake. Wanaoletwa hawamhusu. Nisipotia alama, siku ya kugawana ataniambia kundi limekuwa kubwa, nipe changu, na mimi nitampa mbuzi niliowanunua mwenyewe. Nitakuwa mjinga mara mbili."

"Na mbuzi akiletwa leo, mgawanyo kesho?"

"Huyo hajapata hata kulala hapa! Humhesabii mtoto, wala mwenyewe humhesabu kuwa mtoto." Akatikisa kichwa. "Bara hamfugi?"

"Tunafuga. Tunafuga ovyo," alisema Belmira, na hakuwa anatania. Alikuwa amekutana na watu wenye vyeti vya kuning'iniza ukutani ambao hawakutenganisha mambo kwa usafi ule. "Mama, baada ya zile arobaini, ulimpelekea Jamaldine pesa nyingine?"

"Kila mwaka. Nikiuza korosho zangu, nampelekea elfu ishirini. Kwake ndiko zinakozaa."

"Na Assane?"

"Assane yuko mbali, barabara yenyewe unaijua. Na pesa zake hazikui."

"Na hizo ishirini za kila mwaka," alisema Belmira polepole, "ulizichanja sikio gani?"

Ganda la muhogo likabaki mkononi. Mbuzi mmoja akalivuta, akalichukua, Bi Rachida asihisi.

Tasbihi ilizunguka punje tatu, nne, ikasimama.

"Mwite," alisema. "Mwite Jamaldine aje kula. Mwambie nampikia wali. Nataka nimsikie kwa masikio yangu."

Jamaldine alikuja baada ya swala ya adhuhuri, kanzu nyeupe, kofia imedarizwa, ananukia udi. Alimwamkia Bi Rachida kwa kuinama, akamwamkia Belmira kwa Kireno kizuri, akavua viatu, akaketi mkekani. Nje, kwenye kivuli cha baraza, alikaa askari mmoja aitwaye Osvaldo, kofia mapajani. Jamaldine alimwona. Hakuuliza. Mbele yake Bi Rachida aliweka sahani ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga, imefunikwa kwa kawa.

"Senhora inspetora," alisema, "nakusikitikia kazi hii. Kesi za ndani ya familia zinaumiza."

"Ndiyo maana nimekuita, wewe unayejua hesabu. Nataka nimpime Assane vizuri kabla hajaondoka. Lakini kwanza nisaidie jambo dogo la mama. Mchungaji wake ana maneno."

"Mchungaji?"

"Mama alikuwa na mbuzi, mchungaji akazalisha wachache. Katikati mama akanunua wengine, akawatia zizini. Siku ya kugawana mchungaji kahesabu wote, anasema kundi limeongezeka, anataka fungu lake kwa ongezeko lote."

Jamaldine akacheka. "Huyo mwizi huyo! Fungu lake ni la waliozaliwa."

"Labda amekosea tu?"

"Mchungaji hakosei hapo, senhora. Kazi yake ni kujua yupi kazaliwa, yupi kaletwa. Mfukuze, mama."

"Asante," alisema Belmira. "Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka wa kwanza mama alikupa arobaini. Kabla hajakuletea zile ishirini za korosho, arobaini zilikuwa zimefika ngapi?"

Jamaldine alitazama sahani iliyofunikwa, akamtazama mwenye nyumba.

"Jamaldine, baba," alisema Bi Rachida. "Umetoka kuswali sasa hivi. Sema kweli."

"Arobaini na nne."

"Mama akaleta ishirini."

"Ikawa sitini na nne."

"Na wewe ukachukua ngapi?"

"Nusu ya ongezeko. Ndiyo tulivyopatana."

"Ongezeko lipi?"

"Kutoka arobaini hadi sitini na nne."

"Ishirini na nne. Nusu yake kumi na mbili." Belmira hakuinua sauti. "Kumi na mbili, kwenye biashara iliyozaa nne. Mwaka wa pili?"

"Hali ilikuwa ile ile."

"Ilizaa nne, mama akaongeza ishirini, ukachukua kumi na mbili. Na wa tatu?"

"Ile ile."

Na hapo Belmira alimwona Jamaldine mzima mzima, na alishindwa kujizuia kumstaajabia. Mtu huyu hakuwa anasema uongo. Ukimuuliza sawasawa, anakujibu sawasawa. Kwa miaka mitatu aliishi salama kwa sababu hakuna aliyemuuliza sawasawa, isipokuwa jirani mmoja mwenye ndoo kichwani, naye hakumuuliza yeye. Fundi ni fundi, hata fundi wa kufungua kufuli za watu.

"Mama ametia mia moja," alisema. "Arobaini ya kwanza, na ishirini mara tatu. Leo ana sabini na sita."

"Senhora, hapo unanidhulumu." Jamaldine alijisogeza mbele, sauti bado laini. "Ishirini za mwisho zimeingia juzi. Zingezaa lini? Huwezi kuniwekea jumla ya mia moja kana kwamba zote zimekaa kwangu miaka mitatu. Assane alipewa mara moja tu. Hatupimiki kwa kipimo kimoja."

"Umesema kweli," alisema Belmira. "Kweli kabisa. Mtu mwingine angekupima kwa jumla, akakuonea. Ndiyo maana mimi sikupimi kwa jumla."

Akachukua punje za mahindi kutoka kwenye ungo uliokuwa karibu, akazimimina mkekani.

"Tufuate elfu moja tu, ile iliyoingia siku ya kwanza. Na kila pesa mpya inapogonga mlango, tupime kwanza kilichomo ndani, ndipo tufungue. Hivyo mgeni hasifiwi kwa kazi ya mwenyeji, wala halaumiwi kwa aliyoyakuta. Mwaka wa kwanza: arobaini na nne, wewe ukatoa kumi na mbili, zikabaki thelathini na mbili. Pesa mpya bado iko nje. Kila elfu ya mama imekuwa ngapi?"

Jamaldine alirekebisha kofia yake.

"Mia nane," alisema Bi Rachida.

"Mia nane. Sasa fungua, mgeni aingie, aanzie hapo. Mwaka wa pili, pima tena kabla ya kufungua: imeshuka. Wa tatu, imeshuka." Kila mara aliondoa punje, akaacha pengo mkekani. "Leo elfu ile ya siku ya kwanza haifiki mia sita. Ya Assane, baada ya kugawana naye nusu kwa nusu, ni elfu moja na mia mbili na kitu. Kipimo ni kimoja. Nyinyi ndio wawili."

Nje mbuzi walilia. Bi Rachida alikuwa akizitazama zile punje chache kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeambiwa ni mzima.

"Na miaka yote mitatu," alisema, "ulikuwa unaniletea habari kila Idi. 'Mama, pesa imeongezeka.' Nasujudu, namshukuru Mungu. Nakuombea wewe."

"Iliongezeka, mama."

"Niliiongeza mimi!"

"Nami nilisema imeongezeka." Jamaldine alinyoosha mikono, viganja juu. "Sikusema imezaa. Neno la uongo halikutoka kinywani mwangu."

"Najua," alisema Belmira. "Umechagua neno kama sonara anavyochagua jiwe. Sasa utasema ulikosea, nami nitataka kukuamini. Ila kuna mama mmoja sokoni, anaitwa Mama Mlango. Unajua kwa nini anaitwa hivyo?"

Uso wa Jamaldine, uliokuwa umesimama vizuri wakati wote ule, ukashuka.

"Kilichoingia kwa mlango hakikuzaliwa ndani," alisema Belmira. "Ni maneno yako. Mazuri sana, nimeyaiba kwa hesabu yangu ya leo. Pesa zako ulizichanja masikio. Za mjane ukazichanganya. Fungu lako halali lilikuwa sita kwa miaka mitatu. Umechukua thelathini na sita. Na mama alipoanza kulinganisha, ukamwonyeshea kidole mkwewe."

"Nitarudisha," alisema Jamaldine. "Tusifike mbali. Mama, sisi ni watu wa msikiti mmoja. Nitarudisha zote, tumalize hapa hapa, kwa chakula hiki."

"Utarudisha," alisema Belmira, "na utaeleza esquadra. Osvaldo!"

Askari akasimama mlangoni, kofia kichwani. Belmira alikwishatoa simu.

"Komandante? Ni Belmira. Assane hapandi gari kesho... Hapana, hata jioni isimkute mle ndani. Nina mwenye kosa hapa, na amesema kwa mdomo wake... Ndiyo, nangoja." Akashusha simu kidogo. "Mama, nikitoka hapa napita esquadra. Nikuchukulie neno lolote kwa mkweo?"

Bi Rachida alikuwa amekwisha kunyanyuka. Pwani ile mama mkwe hamwekei mkwewe chakula kwa mkono wake. Humpa binti apeleke, na akikutana naye njiani kila mmoja huinamisha uso akapita upande wake. Tangu aolewe Zuleica, hao wawili hawakuwahi kutazamana penye sahani.

"Mama, nakusihi," alisema Jamaldine, mkono umeshika ukingo wa kawa.

Bi Rachida aliinama, akaichukua sahani mbele yake. Akaiweka kawa vizuri, akaikaza kwa kitambaa kile kile alichokuwa akifungia pesa za korosho. Akajitwika kichwani, akanyoosha shingo, akavaa kandambili zake.

Belmira, simu bado sikioni, alimpisha mlangoni kwa heshima, kama mtu anavyompisha anayekwenda kuhiji. Osvaldo naye akavua kofia.

Bi Ancha alikuwa kwenye ua wake, ndoo mkononi, amefungua mdomo kuuliza.

Bi Rachida akampita, akashika njia ya esquadra, sahani kichwani.